Uliza Bibi Shamba: Kabla ya kuiga kilimo cha watu, tafuta wamepungukiwa nini

Barua za mwezi huu zimekuja kana kwamba wasomaji walipanga pamoja. Zimetoka Tabora, Nizwa, Kongwa, Naivasha na Muleba, na kila moja kwa njia yake inauliza kwa nini watu wa mahali fulani hulima vile wanavyolima. Hilo ndilo jambo nililolipenda kuliko yote katika kazi ya ugani, tangu nikiwa bibi shamba kijana katika milima ya Mbinga hadi nilipostaafu Dodoma. Barua nimezifupisha. Majibu nimeyaacha marefu pale penye mengi ya kusema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Tabora

*Shikamoo Bibi Shamba. Katika Jiografia tunasoma aina za kilimo duniani. Daftari letu linaanza na kilimo cha kuhamahama, kinachoitwa duni, na linaishia na kilimo cha mashine cha Amerika Kaskazini, kinachoitwa cha kisasa. Babu yangu mzaa mama ni Mmatengo wa Mbinga na analima ngoro mpaka leo. Ngoro sijaiona popote kwenye daftari. Je, babu naye yumo kwenye kundi la duni?*

Marahaba mjukuu wangu. Babu yako hayumo kwenye kundi hilo, na hilo neno "duni" ningependa ulikate kwa kalamu nyekundu.

Nilipopangiwa Mbinga nilikuta watu wanalima miteremko ambayo mimi niliipanda kwa kushika nyasi. Kuanzia Februari au Machi, mvua zikiwa bado zipo na nyasi zimerefuka, wanaume hufyeka. Nyasi zikinyauka hulazwa chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba yenye upana wa mita moja na nusu au mbili hivi. Kisha kina mama huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Pale palipochimbwa panabaki shimo, na pale palipofukiwa panakuwa tuta lenye nyasi zinazooza ndani yake. Maharage hupandwa juu ya tuta. Yakishavunwa, shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi yapandwe kwenye matuta yaleyale, huku magugu na mabaki ya mazao yakitupwa shimoni yawe mboji. Wakirudi kuchimba upya, mashimo huhamishwa, palipokuwa na tuta pakawa shimo. Hiyo ndiyo ngoro. Ukiwa ng'ambo ya bonde, mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki.

Sasa fikiri mvua ya Mbinga, ambayo kwa mwaka hupita milimita 1,000, inapopiga mteremko kama ule. Kila shimo linapokea maji yake na kuyazamisha hapohapo. Maji hayapati nafasi ya kuungana yakawa mkondo, kwa hiyo udongo haushuki bondeni. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani walikwenda kuipima ngoro, na wakaiheshimu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiheshimu kwa kuona jirani aliyelima matuta ya kawaida mlimani akibaki na mawe. Lakini nikuambie wazi pia kwamba mzigo mkubwa wa kuchimba uko kwa kina mama, na ni kazi inayoumiza mgongo. Anayesifu ngoro bila kuwataja hajaifahamu.

Kwa nini Wamatengo walijitesa hivyo? Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwabana milimani. Watu wakawa wengi mahali padogo, na mahali penyewe pameinama. Mikono walikuwa nayo. Kitu walichopungukiwa ni udongo unaokaa mahali pake, na kilimo chao chote kimejengwa kuulinda huo.

Sasa vuka mpaka uende kaskazini mwa Zambia, kwa Wabemba. Kule ardhi ilikuwa tele na watu wachache, ila udongo wa miombo una tindikali na hauna rutuba nyingi. Kilimo chao, chitemene, kinaanzia juu ya miti. Wanaume hupanda na kukata matawi, shina likiachwa lichipue tena. Kina mama hubeba matawi yaliyokauka na kuyarundika kwenye eneo dogo mara kadhaa kuliko lile lililokatwa. Kiangazi kikielekea kwisha, rundo huchomwa. Majivu hupunguza tindikali na kulisha udongo, moto huua mbegu za magugu, na ulezi hupandwa juu ya majivu bila hata kupiga jembe. Baadaye hufuata karanga na mihogo, kisha pori huachwa lijirudie, miaka ishirini au zaidi. Kampuni ya British South Africa, ilipoitawala nchi ile, iliona moshi ikauita uharibifu na kuupiga marufuku. Marufuku haikudumu, kwa sababu watu walipaswa kula. Hata hivyo chitemene ina sharti lake: watu wakiongezeka na pori likakosa miaka ya kupumzika, majivu yanapungua na mavuno yanapungua nayo. Hilo limetokea, na wengi wamelazimika kutafuta njia nyingine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko nyumbani, kwenye kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe. Kisiwa ni kidogo, watu wamesongamana, udongo ni wa kichanga. Wakara walifunga ng'ombe ndani ya nyumba na kuwaletea majani kwa mikono, ili samadi isipotee hata kidogo. Walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele, halafu wakaifukia iwe mbolea. Miti ilikuwa na wenyewe mmoja mmoja kwa sababu majani yake ni chakula cha mifugo. Maofisa wa kikoloni walioiona Ukara miaka ya 1930 walitamani Tanganyika nzima ilime hivyo. Lakini Wakara wenyewe walipohamia bara, kwenye ardhi ya kutosha, wengi wao waliacha. Hawakufunga ng'ombe, hawakubeba samadi. Walilima eneo kubwa kwa kazi kidogo kama majirani zao Wasukuma.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, mjukuu wangu. Hawakusahau elimu yao njiani. Ukara walipungukiwa ardhi, wakatumia mikono. Bara walipungukiwa mikono, wakatumia ardhi. Mwaka 1965 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, aliandika jambo la namna hii kwa dunia nzima: kwamba watu hulima kwa bidii zaidi kwenye kipande kidogo pale wanapobanwa na wingi wao, na kabla ya hapo huwa hawana sababu ya kufanya hivyo. Mkulima wa Ukara angemwambia "ndivyo ilivyo."

Mtihani ukija, taja aina za kilimo kama ulivyofundishwa upate alama zako. Ila kwa kila aina jiulize watu hao wana nini kingi na wamepungukiwa nini. Na likizo ijayo nenda Mbinga, shika jembe umsaidie bibi yako kuchimba.

Msomaji wa kike, karibu na Nizwa, Oman

*Assalamu alaykum Bibi. Mimi nimezaliwa Wete, nimeolewa huku. Baba mkwe aliuza sehemu ya shamba lake la mitende, lakini maji yake ya falaj (mfereji wa kumwagilia wa huku) hakuyauza. Kamkodisha mtu mwingine kabisa. Nimestaajabu. Maji yanauzwaje mbali na ardhi? Na kwa nini kwetu Pemba hatuna mambo haya?*

Wa alaykumu salaam mwanangu. Pemba mna jambo linalofanana nalo sana, ila umelizoea. Kwenu mtu anaweza kuwa na mikarafuu au minazi kwenye ardhi isiyo yake, na miti hiyo ikarithiwa au kuuzwa bila ardhi kuguswa. Mvua ya Pemba haina mwenyewe kwa sababu inatosha. Mkarafuu una mwenyewe kwa sababu umelelewa miaka mingi kabla ya kuzaa. Huko uliko, ardhi kavu haina mwisho, na anayeimiliki bila maji hana shamba. Ndiyo maana hesabu ya mali inaanza na maji.

Mafalaji ya Oman ni ya namna tatu. Ghaili huchukua maji ya juu juu yanayopita kwenye wadi, yaani mabonde ya mito ya msimu, na hupungua mvua zikikosekana. Aini huanzia kwenye chemchemi. Daudi, ambayo nadhani ndiyo ya kijiji chenu, huanzia kwenye kisima mama kilichochimbwa chini ya milima hadi kwenye maji, kisha handaki refu likayaleta kijijini kwa mteremko mdogo sana, bila pampu wala mashine yoyote. Mteremko ukizidi, maji yanakula handaki. Ukipungua, yanatuama na kujaza mchanga. Waliochimba walifanya hivyo kwa mikono, gizani, na maji yakafika.

Yakitokeza kijijini kuna utaratibu. Mahali pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa, ndipo msikitini na mahali pa kuoga, na shamba hupata baadaye. Shambani mgawo ni wa muda. Kipimo chake ni athar, yaani takriban nusu saa ya maji yote ya mfereji, na zamu hurudi kwako baada ya siku kadhaa kulingana na falaj yenyewe. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Siku hizi wengi hutumia saa ya mkononi. Falaj ina wakili wa kuisimamia na arifu wa kuangalia zamu. Athar nyingine ni za watu, kama zile za baba mkwe wako, na huuzwa, hukodishwa na hurithiwa. Nyingine ni wakfu. Nyingine ni mali ya falaj yenyewe: hupigwa mnada, na fedha zake husafisha na kukarabati mfereji. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mradi mwingi wa umwagiliaji niliouona kwetu ulikufa kwa sababu hakuna aliyepanga tangu siku ya kwanza fedha ya kuzibua mfereji itatoka wapi.

Ukipata nafasi nenda Birkat al-Mouz ukaone Falaj al-Khatmeen, maji yanapogawanyika kwenye mifereji mitatu iliyo sawasawa. Ni mojawapo ya mafalaji matano yaliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia; Falaj Daris la Nizwa ni jingine. Mafalaji yanayotiririka bado ni kama 3,000 nchi nzima. Adui yao mkubwa ni visima virefu vya pampu, kwa sababu anayevuta maji chini kwa mashine anayavuta kwa majirani wote, na arifu hana namna ya kumpangia zamu.

Huku kwetu wenye elimu ya mifereji wapo. Wachaga wana mifongo inayotoa maji mabondeni na kuyapitisha pembeni mwa mlima hadi vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya nyumbani. Wapare wana ndiva, mabwawa yanayojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Tofauti iko kwenye umiliki. Mlimani Kilimanjaro maji hufuata ukoo na jasho: asiyetokea siku ya kusafisha mfongo hukosa zamu yake au hutozwa faini. Maji yakiwa yanatosha watu kuelewana, haki ya kushiriki inatosha. Yakiwa haba kama huko uliko, kila nusu saa hupata mwenyewe na bei.

Kijana wa Kongwa, Dodoma

*Shikamoo mama. Nimerithi ekari 40. Kwenye simu naona wakulima wa Iowa, Marekani: baba na mwanawe tu wanalima eneo kubwa ajabu la mahindi na soya kwa mashine. Kongwa ni tambarare na mapori yapo. Tukipata matrekta makubwa, ni nini kinatuzuia kuwa kama Iowa?*

Marahaba mwanangu. Swali hilo unaliuliza ukiwa umekaa mahali ambapo liliwahi kujaribiwa kwa gharama kubwa, na inaniuma kwamba shuleni hawakukusimulia vya kutosha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari kwa ndege, ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia kwenu Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Matingatinga yalikwama kwenye mibuyu na kwenye vichaka vyenye mizizi iliyoshikana chini ya ardhi. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Na pale walipofanikiwa kupanda, udongo wa Kongwa uliwafanya wanyooshe mikono: una mfinyanzi na mchanga mkali unaokula majembe ya trekta, na mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikabaki ndani. Ukaja ukame. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango, ikafuta paundi milioni 36.

Pesa zilikuwepo. Mashine zilikuwepo, na wataalamu pia. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walipanda uwele na mtama, wakatawanya mashamba, wakafuga ng'ombe kama akiba ya mwaka mbaya. Kila kimoja cha vitu hivyo kilikuwa kinasema jambo kuhusu mvua ya Kongwa. Hakuna aliyekisoma.

Sasa Iowa. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita 850 hivi, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Septemba, mahindi yakiwa shambani. Udongo wake ni mweusi na mzito, umejengwa na nyasi za mbuga kwa maelfu ya miaka juu ya vumbi na kifusi vilivyoachwa na barafu ya kale. Shida ya wakulima wa kwanza sehemu nyingi za katikati na kaskazini ilikuwa maji kuzidi, wakazika mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba ili kuyakausha. Majira ya baridi huua wadudu wengi. Mto Mississippi unapita ukingoni, nafaka inashuka kwa majahazi makubwa hadi New Orleans. Na kuna jambo ambalo video hazisemi: ardhi ile ilinyang'anywa wenyeji wake, Wasauk na Wameskwaki, baada ya vita vya 1832 na mikataba iliyofuata. Walowezi wakajikuta na ardhi tele na mikono michache. Mtu wa namna hiyo lazima atafute mashine. Trekta kubwa la Iowa lilizaliwa na upungufu wa watu.

Wewe Kongwa umepungukiwa nini? Maji. Unapata kama milimita 500, kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi Februari mvua hukaa kimya wiki kadhaa wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kila shilingi utakayotumia iulize: itaniongezea maji udongoni au la? Trekta kubwa linalosafisha pori na kugeuza udongo wote litakupunguzia.

Kwa hiyo anza hivi. Mtama, uwele na alizeti viwe zao kuu. Mahindi yaweke bondeni tu, mahali panapohifadhi unyevu. Chimba makinga maji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, kukata mteremko, hata kama kwa macho shamba ni tambarare. Fanya kisiki hai: visiki vya miti ya asili vilivyomo shambani usiving'oe, chagua machipukizi machache yenye nguvu, punguza mengine, uache yakue. Wakulima wa Niger, upande wa Maradi na Zinder, wamerudisha miti kwa njia hiyo kwenye mamilioni ya hekta, mvua yao ikiwa haba kama yako au haba zaidi. Kwenye kipande kilichokufa kabisa chimba mashimo madogo wakati wa kiangazi, tia samadi, ngoja mvua. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyefariki mwaka 2023, aliboresha mashimo hayo ya zai kwenye ardhi iliyokuwa imekauka kama sakafu, na akaacha msitu. Mchwa huvutwa na samadi, wakatoboa udongo, maji yakapata njia ya kuingia.

Ekari 40 ni nyingi kwa mtu mmoja. Lima vizuri 10, nyingine ziwe malisho yenye uzio. Ng'ombe wa babu zako walikuwa sehemu ya shamba.

Mfanyakazi wa shamba la maua, Naivasha

*Hujambo Mama. Mwalimu wangu wa zamani alitufunza kuhusu von Thünen, kwamba vitu vinavyoharibika upesi hulimwa karibu na soko. Waridi huharibika upesi sana. Mbona tunayakuza hapa Naivasha na wanunuzi wako Ulaya?*

Sijambo mwanangu. Johann Heinrich von Thünen alikuwa mkulima mwenyewe, mwenye shamba la Tellow kaskazini mwa Ujerumani, na hesabu zake alizichapisha mwaka 1826. Wakati wake mzigo ulikwenda kwa mkokoteni wa farasi. Maziwa na mboga yakawa jirani na mji, kuni zikafuata, kisha nafaka, na mifugo inayotembea yenyewe ikawa mbali kabisa. Alichopima ni gharama ya kufikisha mzigo, na kanuni hiyo bado inafanya kazi. Ndege imebadilisha maana ya kuwa karibu. Waridi lililokatwa leo Naivasha hufika uwanja wa ndege wa Nairobi kwa lori la baridi na baada ya safari ya usiku mmoja liko Uholanzi, ambako mengi hupita kwenye soko la mnada la Aalsmeer.

Waholanzi wanajua kulima. Wamekausha bahari wakapata mkoa mzima wa Flevoland, na vitalu vyao vya vioo vya Westland ni vya kutazamwa kwa heshima. Lakini Januari hawana jua. Lazima wapashe joto kwa gesi na wawashe taa. Ninyi mko mita 1,900 hivi juu ya bahari, karibu na ikweta: saa 12 za mwanga kila siku ya mwaka, mchana wa joto la kiasi, usiku wa baridi inayofanya shina lirefuke taratibu na ua kuwa kubwa. Wanachokinunua kwenu ni jua la Januari, na maji ya ziwa. Jua halitaisha. Maji ya ziwa yanategemea sana mto Malewa na wakulima wadogo wa Nyandarua wanaolima juu kwenye vyanzo vyake. Matuta yao yakibomoka, tope linaishia ziwani kwenu. Ningekuwa mwenye shamba la maua, ningejua majina ya wakulima hao.

Msomaji wa Muleba, Kagera

*Shikamoo mama. Nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi Dar es Salaam. Kibanja cha baba migomba imekuwa myembamba, mikungu midogo, mibuni imezeeka. Rafiki ananishauri ning'oe vyote nipande maparachichi ya kuuza nje. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Barua yako imenigusa, maana mimi mwenyewe nimekulia kwenye kibanja, na asubuhi za utotoni mwangu ni za kubeba nyasi kichwani kutoka rweya.

Nyasi zile ndizo jibu lako. Ukanda wetu wa kando ya ziwa hupata mvua nyingi mno, sehemu nyingine karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo kwa karne na karne imeosha rutuba ya udongo. Rweya, zile mbuga za nyasi kati ya vijiji, ndivyo udongo wetu ulivyo kwa asili: maskini. Kibanja kilikuwa cheusi na laini kwa sababu watu walikitengeneza. Ng'ombe walilala nyumbani baada ya kuchunga rweya, samadi ikaenda kwenye migomba. Nyasi za rweya zikatandazwa sakafuni mwa nyumba, kisha zikaishia shambani. Rweya ilikuwa inahamia kibanjani kidogo kidogo kila siku, na ekari nyingi za nyasi zililisha ekari moja ya migomba. Kina mama walipata mavuno machache kule rweya, njugumawe hasa, kisha wakaiacha ipumzike.

Sasa hesabu kilichobaki. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi, na tangu hapo kaya zenye ng'ombe zimekuwa chache. Watu wameongezeka, na rweya nyingi zimepandwa misonobari na mikaratusi au zimegawanywa viwanja. Mkungu wa ndizi unaosafirishwa kwenda mjini unaondoka na rutuba yake na haurudishi maganda. Migomba ya baba yako ina njaa. Parachichi litakalopandwa kwenye udongo huohuo litakuwa na njaa vilevile, tena utakuwa umepoteza kivuli, matandazo na chakula cha nyumbani ukisubiri miaka mitatu au minne mti uzae.

Kwa hiyo usiing'oe. Peleka sampuli za udongo kituo cha utafiti cha TARI Maruku. Kazi yao kubwa ni migomba, na wakupe pia miche safi. Nunua ng'ombe mmoja wa kufungia bandani, au mbuzi kama mtaji ni mdogo, na panda majani ya malisho mpakani mwa kibanja, kwa sababu rweya ya kukata nyasi huenda huna tena. Punguza machipukizi: kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu. Mibuni mizee ikate urefu wa goti ichipue upya, nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, usikose kahawa yote kwa wakati mmoja. Maparachichi panda machache pembezoni, upande ambao kivuli chake hakitaiangukia migomba.

Na kabla ya yote hayo, kagua mnyauko. Ukiona majani yananyong'onyea, au ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani ni za kahawia, ondoa shina hilo mara moja. Ua dume la kila mkungu liondoe kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokeza, usitumie kisu, kwa sababu kisu ndicho kinachobeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Panga la kibarua lipitishe motoni kabla hajaingia kibanjani kwako, hata kama ni jirani unayemwamini.